Data za hali ya hewa katika uchunguzi wa ajali za ndege

Data za hali ya hewa katika uchunguzi wa ajali za ndege ni vipimo, picha na kumbukumbu za angahewa ambazo wachunguzi hukusanya ili kujua hewa ilikuwaje mahali ndege ilipoanguka na saa ilipoanguka, na kama hali hiyo ilichangia ajali. Data hizo hutoka kwenye vituo vya hali ya hewa vya viwanja vya ndege, rada, setilaiti, vinasa-data vya ndege yenyewe, ndege nyingine zilizokuwa karibu, na watu walioshuhudia.

Kazi hii ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kuthibitisha kwamba dhoruba, ukungu, upepo au mgandamizo wa hewa ulikuwa na mchango katika ajali. Upande wa pili, ambao husahaulika mara nyingi, ni kuonyesha kwamba hewa haikuwa sababu, hata kama mvua ilikuwa ikinyesha. Ajali ikitokea wakati wa mvua watu husema upesi kwamba "ni hali mbaya ya hewa", lakini maneno hayo peke yake hayaelezi kitu. Mchunguzi anatakiwa kusema ni hali ipi, ilikuwa na nguvu kiasi gani, iliigusa ndege kwa namna gani, na kama marubani walikuwa na taarifa yake.

Lengo na msingi wa kisheria

Uchunguzi wa ajali za ndege za kiraia hufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Kiambatisho hicho kilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1951. Kinasema kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Nchi ambamo ajali imetokea ndiyo inayoongoza uchunguzi, na nchi zilikosanifiwa au kutengenezwa ndege na injini zake zina haki ya kutuma wawakilishi. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana.

Huduma za hali ya hewa kwa ndege zinaelezwa katika Kiambatisho cha 3 cha mkataba huohuo. Nchini Tanzania huduma hizo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na uchunguzi wa ajali hufanywa na kitengo maalumu kilicho chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Nchini Kenya kazi hizo zimegawanywa vivyo hivyo kati ya Idara ya Hali ya Hewa na idara ya uchunguzi wa ajali za ndege.

Historia

Tangu mwanzo wa usafiri wa anga wachunguzi waliuliza kuhusu upepo na mawingu, lakini vipimo vilikuwa vichache. Hatua kubwa ilipatikana baada ya ajali ya ndege ya Eastern Air Lines namba 66, iliyoanguka ikikaribia kutua kwenye uwanja wa John F. Kennedy, New York, tarehe 24 Juni 1975. Watu 113 walifariki.

Mtaalamu wa dhoruba Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago aliombwa kuichunguza hewa ya siku hiyo. Hakutosheka na kipimo cha upepo cha uwanja. Alilinganisha rekodi za ndege zilizofuatana kuja kutua, akaona kwamba kwa tofauti ya dakika chache tu baadhi zilipita salama na nyingine zilipata taabu kubwa. Alieleza kwamba chini ya wingu la radi hewa baridi inaweza kushuka kwa kasi kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye ndoo, ikigonga ardhi na kusambaa pande zote. Ndege inayopita hapo hupata kwanza upepo wa mbele unaoiinua, kisha hewa ya kushuka inayoisukuma chini, na mwisho upepo wa nyuma unaoipunguzia nguvu ya kuelea. Yote haya hutokea katika eneo la kilomita chache na kwa muda wa dakika chache.

Mwanzoni wataalamu wengine walimpinga Fujita. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa rada za Doppler vilionyesha kwamba mishuko hiyo ya hewa ipo kweli. Ajali ya Delta Air Lines namba 191 huko Dallas, tarehe 2 Agosti 1985, iliyoua watu 137, iliharakisha matumizi ya vifaa vya kuonya juu ya mabadiliko ya ghafla ya upepo, ndani ya ndege na viwanjani. Mfano huu unaonyesha faida ya kazi yenyewe: data zilizokusanywa kwa ajili ya waliokufa zilibadilisha namna marubani wanavyofundishwa na viwanja vinavyopewa vifaa.

Vyanzo vya data

Taarifa za viwanja vya ndege

Chanzo cha kwanza ni taarifa fupi iitwayo METAR, inayotolewa na kiwanja kila saa au kila nusu saa. Hali ikibadilika sana katikati ya vipindi hivyo, hutolewa taarifa ya pekee iitwayo SPECI. Utabiri wa kiwanja huitwa TAF, na onyo kuhusu hatari zilizo angani njiani huitwa SIGMET.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, wa kuonyesha namna METAR inavyosomwa:

HTKA 061200Z 14008KT 3000 TSRA FEW018CB BKN020 22/20 Q1018

- HTKA: uwanja wa ndege wa Kigoma.
- 061200Z: tarehe 6, saa 12:00 kwa saa ya kimataifa (UTC), yaani saa 9 alasiri nchini Tanzania.
- 14008KT: upepo unatoka nyuzi 140, upande wa kusini-mashariki, kwa noti 8 (takriban kilomita 15 kwa saa).
- 3000: mtu anaweza kuona hadi mita 3,000.
- TSRA: radi na mvua.
- FEW018CB: mawingu machache ya kumulonimbasi, kitako chake kikiwa futi 1,800 juu ya uwanja.
- BKN020: mawingu yanayofunika sehemu kubwa ya anga kwenye futi 2,000.
- 22/20: halijoto ni nyuzi 22 na kiwango cha umande ni nyuzi 20 za selsiasi.
- Q1018: mgandamizo wa hewa uliorekebishwa kwa usawa wa bahari ni hektopaskali 1018.

Kila kipengele kina maana kwa mchunguzi. Halijoto ikikaribiana na kiwango cha umande, ukungu au mawingu ya chini yanaweza kutokea. Namba ya mgandamizo ndiyo rubani anayoiingiza kwenye altimita, chombo cha kupimia urefu wa ndege kutoka usawa wa bahari. Karibu na usawa wa bahari, kosa la hektopaskali 1 huleta kosa la mita 8 hivi, na kwenye nyanda za juu kosa huwa kubwa zaidi kidogo. Kosa la hektopaskali 10 linaweza kumfanya rubani aamini kwamba yuko mita 80 juu ya mahali alipo kweli. Gizani au ndani ya wingu, tofauti hiyo yatosha kuua.

Setilaiti na rada

Afrika Mashariki huonwa na setilaiti za Meteosat, zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kizazi cha pili cha setilaiti hizo hutoa picha kila baada ya dakika 15. Kwa kuzipanga picha mfululizo mchunguzi huona wingu la radi lilipozaliwa, lilikoelekea na jinsi kilele chake kilivyokuwa baridi. Kilele baridi sana ni dalili ya wingu refu na lenye nguvu. Hata hivyo setilaiti huliangalia wingu kutoka juu, na haioni kilicho chini yake.

Rada ya hali ya hewa hutuma mawimbi yanayorudishwa na matone ya mvua. Rada ya Doppler hupima pia kama matone yanaikaribia au yanaondoka, na hivyo huonyesha mwendo wa upepo. TMA ilianza na rada za Dar es Salaam na Mwanza, kisha zikafuata za Mtwara, Mbeya na Kigoma.

Ndege yenyewe

Kinasa-data cha ndege, kimojawapo cha vyombo viitwavyo kwa kawaida "kisanduku cheusi", hutumika pia kama kituo cha hali ya hewa. Kasi ya ndege ndani ya hewa ikilinganishwa na kasi yake juu ya ardhi, upepo hujulikana. Kwa mfano, ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa ndani ya hewa lakini kilomita 190 tu juu ya ardhi inakabiliwa na upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa. Mitikisiko ya juu na chini huonyesha msukosuko wa hewa.

Kinasa-sauti cha chumba cha marubani nacho husaidia. Mvua inayopiga kioo husikika, na hata kazi ya vifutio vya kioo. Maneno ya marubani huonyesha kama waliuona uwanja au la.

Mashahidi na vyanzo vya kawaida

Wakulima, wavuvi na wanafunzi wanaweza kuwa mashahidi wazuri wa hewa. Picha za simu huonyesha kivuli, moshi unakoelekea, bendera, na kilima ambacho kimefunikwa na wingu. Kwa kuwa urefu wa kilima unajulikana, picha hiyo huwa kipimo cha kitako cha wingu. Ushahidi wa mdomo huchukuliwa mapema, kabla watu hawajasimuliana na kuanza kukumbuka jambo moja.

Suala la saa

Katika Afrika Mashariki mchunguzi hukutana na saa za namna tatu. Taarifa za anga hutumia UTC, ofisi nyingi hutumia saa za Afrika Mashariki zilizo mbele ya UTC kwa saa tatu, na wananchi husema saa za Kiswahili. Tukio la saa 05:53 UTC ni saa 08:53 kwenye karatasi za ofisini, na saa 2:53 asubuhi kwa shahidi. Kwa kuwa dhoruba inaweza kupita juu ya uwanja ndani ya dakika 20, kosa la kutafsiri saa huweza kuweka jua mahali penye mvua. Kwa hiyo kazi ya kwanza mezani ni kuweka kumbukumbu zote kwenye saa moja.

Hatua za uchunguzi

1. Kuhifadhi. Mara habari ya ajali inapopatikana, kituo kilicho karibu hufanya kipimo kamili na kutunza kumbukumbu zote za siku hiyo zisibadilishwe.
2. Kukusanya. Huombwa taarifa za viwanja vya kuondokea, kwendea na vya akiba, pamoja na picha za rada na setilaiti.
3. Kupanga. Kila kipimo huwekwa kwenye ramani na kwenye mstari mmoja wa saa pamoja na njia ya ndege.
4. Kulinganisha. Yale yaliyotabiriwa hulinganishwa na yaliyotokea, na yale yaliyotokea hulinganishwa na yale marubani waliyoambiwa.
5. Kupima uzito. Mwisho huulizwa: je, ndege ya aina hii, ikiwa katika hali hii, ingeweza kuruka salama?

Hatua ya nne ina uzito wa pekee. Utabiri ulio sahihi lakini haukumfikia rubani ni tatizo tofauti na utabiri uliokosea, na mapendekezo yake ni tofauti pia.

Mifano

Bukoba, 2022

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air namba 494, aina ya ATR 42-500, ikitoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba, takriban saa 2:53 asubuhi. Ilikuwa na watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 walinusurika. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa. Siku hiyohiyo taarifa za polisi zilitaja hali mbaya ya hewa. Kitengo cha uchunguzi cha Tanzania kilitoa ripoti ya awali mwezi huohuo, na wataalamu wa Ufaransa, nchi inakotengenezwa ATR, walishiriki.

Mazingira ya Bukoba yanaeleza kwa nini data za hewa zina thamani hapo. Uwanja uko ukingoni mwa ziwa, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia yake inaweza kufikiwa kutoka upande wa maji. Usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya Ziwa Viktoria na kuinua mawingu ya radi. Upepo wa jumla wa mashariki huyasukuma kuelekea magharibi, na ndiyo maana pwani ya Bukoba hupata mvua nyingi za alfajiri na asubuhi, tofauti na sehemu za bara ambako radi huja zaidi alasiri. Tena, rubani anayeshuka juu ya maji wakati wa mvua hana miti wala nyumba za kumwonyesha urefu wake, na rangi ya maji na ya wingu huweza kufanana.

Douala, 2007

Ndege ya Kenya Airways namba 507, aina ya Boeing 737-800, ilianguka usiku wa tarehe 5 Mei 2007 muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Kamerun, ikielekea Nairobi. Watu wote 114 walifariki. Safari ilikuwa imecheleweshwa kwa sababu ya dhoruba, na wengi walidhani kwamba dhoruba ndiyo iliyoiangusha.

Ripoti ya wachunguzi wa Kamerun, iliyotolewa mwaka 2010, ilieleza habari nyingine. Ndege iliinama polepole upande wa kulia bila marubani kutambua, rubani wa kujiendesha alikuwa hajawashwa ingawa walidhani amewashwa, na usiku wa giza haukuwapa kitu cha kuangalia nje. Chanzo kilichotajwa ni kupoteza udhibiti kwa sababu ya kupotewa na hisia ya mwelekeo, pamoja na ushirikiano hafifu kati ya marubani. Hewa ilikuwa mbaya, lakini data zilisaidia kuitoa kwenye nafasi ya mtuhumiwa mkuu. Kama uchunguzi ungeishia kwenye neno "dhoruba", mafunzo ya marubani yasingeguswa.

Helikopta ya John Garang, 2005

Tarehe 30 Julai 2005 John Garang, makamu wa rais wa Sudan aliyekuwa ameapishwa wiki tatu tu kabla, alifariki katika helikopta ya rais wa Uganda iliyoanguka milimani kusini mwa Sudan. Watu wote 14 walikufa. Uvumi wa kuuawa ulienea na ghasia zikatokea Khartoum. Tume ya uchunguzi ilitaja makosa ya urubani katika hali mbaya ya hewa na mwanga uliokuwa ukififia. Hapa swali la mawingu yalikuwa wapi na jua lilizama saa ngapi lilikuwa pia swali la amani ya nchi.

Ndola, 1961

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kwa hiyo dhoruba iliondolewa mapema kati ya sababu zinazowezekana, na mjadala, ambao umeendelea kwa miongo mingi, ukahamia kwenye urefu wa ndege, marubani na uwezekano wa shambulio.

Nyanda za juu za Kigoma

Maeneo ya Kasulu, Kibondo na Kakonko, pamoja na Kasanda, yanaonyesha ugumu wa kazi hii mbali na viwanja vikubwa. Ndege ndogo hutua kwenye viwanja vya udongo, nyingi zikihusiana na huduma za kambi za wakimbizi. Kwenye kiwanja cha namna hii mara nyingi rubani hutegemea mfuko wa upepo na macho yake.

Hatari za hewa hubadilika kwa majira. TMA huweka sehemu ya kaskazini ya mkoa wa Kigoma katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, vuli na masika, ambapo mawingu ya radi hukua alasiri juu ya vilima. Wakati wa kiangazi moshi wa mioto ya mapori hupunguza umbali wa kuona. Mwaka mzima upo pia urefu wa nchi: kwenye mita 1,500 hewa ina uzito wa takriban asilimia 86 tu ya ule wa pwani. Mchana wa joto hewa hupungua uzito zaidi, na ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka.

Ajali ikitokea huko, METAR ya Kigoma haitoshi. Kibondo iko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini Kigoma kwa mstari ulionyooka, na mvua ya radi inaweza kuwa na upana wa kilomita kumi tu. Rada ya Kigoma ina mpaka wake pia. Mwale ulioinuliwa nusu digrii, ukifika kilomita 150, hupita kiasi cha kilomita 2.6 juu ya usawa wa rada kwa sababu ya mwinuko wake na mviringo wa dunia. Rada basi huona mvua iliyo juu, lakini upepo wa karibu na ardhi, ambao ndio unaoipata ndege inayotua, hauonekani.

Vipimamvua vya shule, misheni na vituo vya kilimo husaidia, ila kwa kiasi. Kwa kawaida husomwa saa 3 asubuhi, na huonyesha jumla ya mvua ya saa 24. Milimita 40 zilizoandikwa daftarini zinathibitisha kwamba mvua kubwa ilinyesha, lakini hazisemi kama ilikuwa saa 8 mchana ndege ikitua, au saa 4 usiku kila mtu akiwa amelala. Anayesoma kipimo akiandika pembeni saa mvua ilipoanza na ilipokoma, na kama kulikuwa na radi, daftari hilohilo hupata thamani kubwa zaidi. Vituo vinavyojiendesha, vinavyoandika upepo, halijoto na mvua kila dakika chache, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, mradi vitunzwe na data zake zihifadhiwe.

Mipaka

Data za hali ya hewa haziwezi kueleza kila kitu. Kituo hupima mahali kilipo tu, na kati ya vituo hubaki makadirio. Mifumo ya kompyuta inaweza kuijenga upya hewa ya siku ya ajali, lakini matokeo yake hutegemea vipimo vilivyoingizwa. Palipo na vituo vichache mahesabu huwa dhaifu. Tena, hewa mbaya ikithibitishwa, hubaki swali la kwa nini ndege ilikuwamo: kama onyo lilitolewa, kama lilipokelewa, na kama rubani alikuwa na mafuta na uwanja wa akiba wa kwendea.

Kipimo ambacho hakikuchukuliwa hakiwezi kuchukuliwa baada ya ajali. Kwa sababu hiyo ubora wa uchunguzi huamuliwa kwa sehemu miaka mingi kabla, pale kituo kinapojengwa, mwangalizi anapofundishwa na daftari linapojazwa kila siku, hata siku ambazo hakuna kilichotokea.

Tazama pia

- Hali ya hewa
- Kumulonimbasi
- Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania
- Mkoa wa Kigoma
- Usafiri wa anga
- Ziwa Viktoria